Ishyamba na Shamba: Historia Fupi ya Msitu wa Nyungwe

Utangulizi

Mwanafunzi wetu mmoja, katika insha aliyoiandika baada ya safari ya masomo, alituletea sentensi hii: "Tuliingia katika shamba la Nyungwe, tukaona kima wengi." Tuliipigia mstari wa wino mwekundu, kama iwapasavyo walimu, tukaandika pembeni kwamba si shamba, bali ni msitu. Kosa lenyewe si geni kwa wanaofundisha Kiswahili nchini Rwanda. Katika Kinyarwanda msitu huitwa ishyamba, na mwanafunzi akutanapo na neno la Kiswahili lenye sura kama hiyo hudhani kuwa maana nayo ni moja. Kumbe maneno haya mawili hufanana kwa sauti na kupingana kwa maana. Palipo na ishyamba hapajalimwa. Palipo na shamba, miti ya asili imekwisha kuondolewa.

Baada ya kurudisha madaftari tuliendelea kulifikiri kosa lile. Tulitambua kwamba mwanafunzi, bila ya kujua, alikuwa ameugusa moyo wa historia ya magharibi mwa Rwanda. Kwani kwa sehemu kubwa historia ya misitu ya huko ni habari ya ishyamba kugeuka shamba. Nyungwe ni mahali ambapo mgeuko huo ulisimamishwa, ingawa ulikuwa umekwisha kuanza. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, ili mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake huko, au mgeni anayekwenda kuburudisha macho, ajue ni kitu gani hasa anachokitazama. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Msitu haukuundwa na mtu, lakini kubaki kwake ni kazi ya watu.

Kutoka Nyabugogo

Anayetaka kwenda Nyungwe kwa basi aghalabu huanzia Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha jiji la Kigali. Hapo Kinyarwanda cha wenyeji huchanganyika na Kiswahili cha wasafiri wa Bukavu na Goma, na mwalimu wa lugha akingojea basi lake hupata darasa la bure. Abiria wa Nyungwe hukata tiketi ya Rusizi, mji ulio mpakani na Kongo, kwa kuwa njia ya Rusizi hupita katikati ya msitu.

Msomaji asidhani kwamba Nyabugogo kwetu ni mahali pa kuanzia safari tu. Jina hilo ni jina la mto pia. Mto Nyabugogo hutoka katika Ziwa Muhazi, hushuka bondeni mpaka karibu na kituo, kisha huingia katika Mto Nyabarongo, magharibi ya jiji. Nao Nyabarongo hupata maji yake ya mwanzo katika milima ya Nyungwe. Kwa hiyo kabla ya sisi kuondoka Kigali kuufuata msitu, maji ya msitu yamekwisha kutufuata sisi.

Dakika chache baada ya kuondoka kituoni basi huvuka daraja la Nyabarongo. Msafiri atazame chini. Ataona maji ya rangi ya udongo, na katika majira ya mvua rangi hiyo huzidi. Huo ni udongo wa mashamba ya milimani, uliokosa mizizi ya kuushika. Watu wa Nyabugogo wanajua vema nguvu ya maji ya namna hiyo, maana kituo kimejengwa bondeni, na mara nyingi mvua kubwa imeleta mafuriko hapo. Kutoka darajani basi hupita Muhanga, Ruhango, Nyanza, Huye na Nyamagabe. Njia nzima ni mlima na bonde, na kila mlima umelimwa tangu chini hadi juu: migomba, maharage, viazi, mihogo. Nchi hii ina eneo la kilomita za mraba 26,338, na katika sensa ya mwaka 2022 ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 13. Hapana nchi katika bara la Afrika, tukiviacha visiwa, iliyosongamana watu kuliko hii. Tulitajalo si lawama kwa mkulima. Tunalitaja ili mtu afikapo Kitabi, ambapo mashamba ya chai hukoma na ukuta wa miti mirefu huanza ghafla, ajiulize: kwa nini jembe liliishia hapa?

Mvua na mito ya pande mbili

Nyungwe ni msitu wa milimani. Sehemu zake za chini zina urefu wa mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele chake cha juu, Mlima Bigugu, hufikia mita 2,950. Mvua inayonyesha huko kwa mwaka ni milimita 2,000 hivi. Mwezi Julai na Agosti kuna kiangazi kifupi. Miezi mingine mgeni asiyechukua koti la mvua atajuta. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, miti imevikwa kuvumivu na okidi, na hata mvua ikikatika majani huendelea kudondosha matone kwa muda mrefu.

Mvua hiyo haianguki juu ya ardhi tupu. Hupokewa kwanza na majani ya juu, kisha na majani ya chini, kisha na tabaka nene la majani yaliyooza, ndipo inyonywe na udongo. Maji hutoka polepole, siku nyingi baada ya mvua kwisha. Ndiyo sababu vijito vya msituni hupita na maji safi wakati wa mvua, wala havikauki upesi wakati wa kiangazi. Katikati ya msitu kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Kamiranzovu, ambacho hufanya kazi ya sponji: hushiba maji wakati wa wingi na kuyatoa wakati wa uchache.

Juu ya mgongo wa milima hii hupita mpaka wa maji wa Kongo na Naili. Matone mawili yakianguka huko, hatua chache baina yake, moja huweza kushuka magharibi na jingine mashariki. La magharibi huenda mpaka Ziwa Tanganyika, likatoka kwa Mto Lukuga, likaingia Lualaba na Kongo, likaishia katika Bahari ya Atlantiki. La mashariki hushuka kwa Nyabarongo, likaingia Akagera, ambao Watanzania huuita Kagera, likafika Ziwa Viktoria na kufuata Naili hadi Misri. Mwalimu wa Kiswahili atambue kwamba tone la kwanza hupita karibu na Ujiji na Kigoma, na la pili hupita Bukoba na Jinja. Mvua ya mlima mmoja hunywesha nchi nyingi zinazosema lugha yetu.

Upande wa mashariki ndiko utokako Mto Rukarara. Mwaka 1898 daktari Mjerumani aitwaye Richard Kandt alikifikia chanzo cha mto huo akakitangaza kuwa ndicho chanzo cha Naili. Kitabu chake, Caput Nili, kilitolewa mwaka 1904. Mtu huyohuyo aliwekwa kuwa mwakilishi wa Wajerumani nchini Rwanda, na mwaka 1907 alianzisha kituo cha utawala juu ya kilima cha Kigali. Nyumba inayokumbusha kazi yake ni jumba la makumbusho hivi leo. Hivyo aliyeanzisha mji wa Kigali ndiye aliyekuwa amepanda milima ya Nyungwe kutafuta chemchemi. Bila shaka wenyeji walioishi kando ya Rukarara hawakungoja mgeni awaonyeshe mto wao. Alichokileta Kandt ni jina lake katika ramani za Ulaya. Mwaka 2006 wasafiri watatu kutoka Uingereza na New Zealand, waliopanda Naili kutoka baharini, nao waliishia Nyungwe wakasema hapo ndipo mbali kabisa. Wenzetu wa Burundi wana chemchemi yao ya Rutovu, na ubishi haujesha. Sisi tunaona kwamba aliye na haki katika ubishi huo ni yule anayeilinda chemchemi yake isikauke.

Jinsi msitu ulivyopungua na ulivyosalimika

Katika vitabu vya zamani vya Wajerumani milima hii huitwa Rugege. Msitu wake uliungana, na hata leo umeungana, na msitu wa Kibira wa Burundi. Wa kwanza kuujua kwa undani walikuwa Watwa, waliowinda na kukusanya asali ndani yake. Kila tunaposifu uhifadhi yafaa tukumbuke kwamba kwao sheria za kufunga msitu zilimaanisha kupoteza riziki.

Mwaka 1933 utawala wa Wabelgiji uliutangaza Nyungwe kuwa msitu wa akiba. Tangazo hilo lilizuia kulima ovyo, lakini halikuzuia mengine. Katika miaka ya 1930 dhahabu ilipatikana mabondeni, wachimbaji wakaingia, na penye wachimbaji pana njaa ya nyama. Uwindaji ukaongezeka. Pembeni nako mashamba yaliendelea kula msitu kidogo kidogo. Baina ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1970 Nyungwe ulipoteza zaidi ya kilomita za mraba 150. Nyati walikwisha kabisa katika miaka hiyo ya 1970.

Katika miaka ya 1980 mwelekeo ulianza kubadilika. Mwaka 1984 serikali iliweka mpango wa kuugawa msitu katika sehemu za hifadhi na sehemu za matumizi, na kuuzungushia ukanda wa misonobari na chai ili mpaka uonekane kwa macho. Chai anayoiona msafiri pale Kitabi na Gisakura si pambo tu: ni ukuta. Tumbili na nyani huharibu mahindi, lakini hawapendi majani ya chai. Na mkulima mwenye mavuno ya chai hana haja ya kusogeza jembe ndani. Mwaka 1988 ulianza mradi wa uhifadhi uliosaidiwa na New York Zoological Society. Wataalamu na vijana wenyeji walihesabu wanyama, wakachonga njia za miguu, na wageni wa kwanza wakaanza kuja kuona mbega na sokwe.

Kisha nchi ikaangukiwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika maangamizi yale ya binadamu ingeonekana ajabu mtu kuuliza habari za miti. Hata hivyo baadhi ya wafanyakazi wa chini wa mradi, wenyeji wa hapo, walijitahidi kuendelea na kazi wakati wakubwa wao hawakuwapo. Hatuna budi kulikumbuka hilo, kwa kuwa majina ya watu wa namna hiyo hayaandikwi katika ramani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, kiangazi kikali kilileta moto uliounguza sehemu kubwa ya msitu. Mioto ya namna hiyo mara nyingi huanzia kwa wakusanyaji asali, wanaowasha moshi wa kufukuza nyuki. Palipoungua palifunikwa na kangaga, mmea unaosongamana hata miche ya miti ikakosa mwanga. Ndiyo maana wahifadhi wamekuwa wakifyeka kangaga ili miti irudi, na wakusanyaji asali wamehamishia mizinga yao nje ya msitu, katika vyama vya ushirika.

Mwaka 2004 Nyungwe ukawa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 1,000 hivi. Tangu mwaka 2020 uendeshaji wake uko mikononi mwa shirika la African Parks kwa mapatano na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Mwezi Septemba 2023, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Riyadh, Nyungwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ili tuone ingalikuwaje bila ya juhudi hizo, tutazame kaskazini, katika Msitu wa Gishwati. Katika miaka ya 1970 Gishwati ulikuwa na hekta 28,000 hivi. Miradi ya malisho na ya miti ya kupandwa ikakata sehemu kubwa, na baada ya 1994 watu waliorudi nchini bila ya ardhi wakagawiwa mahali pa kuishi humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi. Milima ile mikali, ikishapoteza mizizi, haikuweza tena kushika udongo. Maporomoko na mafuriko yakawa jambo la kawaida katika wilaya za huko. Mwezi Mei 2023 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Hatusemi kwamba kukosa msitu ndiko sababu ya pekee ya msiba ule. Lakini hapana mwenyeji wa milima ile asiyejua tofauti ya mvua juu ya miti na mvua juu ya udongo mtupu. Gishwati nao umeanza kurudishwa, na tangu 2015 mabaki yake na ya Mukura ni hifadhi moja ya taifa.

Ayaonayo mgeni

Mgeni apendaye viumbe hatatoka Nyungwe mikono mitupu. Jamii 13 za nyani, kima na sokwe zinaishi humo. Mbega wa Nyungwe wana sifa ya pekee: penginepo mbega hukaa makundi madogo, lakini hapa yameonekana makundi ya mamia. Anayetaka kuona sokwe aondoke alfajiri na kiatu kizuri, maana hawangoji mtu. Ndege ni zaidi ya jamii 300, na baadhi yao hawapatikani nje ya milima ya Bonde la Ufa la magharibi. Pale Uwinka, tangu mwaka 2010, kuna daraja la kuning'inia lenye urefu wa mita 160 hivi, ambalo hupita juu ya vilele vya miti. Mwenye kizunguzungu ashike kamba na kutazama mbele. Kutoka Gisakura kuna njia ya miguu iendayo Isumo, na isumo kwa Kinyarwanda ni maporomoko ya maji.

Lakini kwa maoni yetu, mambo mawili yanayofundisha zaidi hayatangazwi sana. La kwanza ni Kamiranzovu, kinamasi tulichokitaja. Jina lake ni sentensi fupi: kumira ni kumeza, na inzovu ni ndovu. Ni mmeza ndovu. Mwanafunzi wa Kiswahili akikumbuka neno umio ataona kuwa kumira si mgeni kwake. Ndovu walikuwapo kweli, na tope lile liliweza kuwazamisha. Lakini waliowamaliza hawakuwa tope. Ndovu wa mwisho wa Nyungwe aliuawa na majangili mwaka 1999. Jina limebaki, mwenye jina ametoweka.

La pili ni Cyamudongo, kipande cha msitu kilichoko kusini-magharibi. Zamani kilikuwa sehemu ya msitu mmoja. Leo kimetengwa na Nyungwe kwa kilomita kadhaa za mashamba, kama kisiwa. Sokwe bado wanaishi humo. Huko Gisakura pia kuna kipande kidogo kilichozungukwa na chai, chenye mbega wake. Atakayesimama kando ya vipande hivyo ataona kwa jicho lake mahali ambapo ishyamba limekuwa shamba na mahali ambapo halijawa.

Wajibu wetu walimu

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Wageni wa Nyungwe si Wazungu peke yao. Wanakuja pia Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo, na wanafunzi wa nchi yenyewe. Kiongozi wa wageni atakayewaeleza kwa Kiswahili fasaha anahitaji zaidi ya kujua majina ya wanyama. Anahitaji maneno ya chanzo, kijito, kinamasi, mmomonyoko, ukanda na mpaka. Na anahitaji kujua miaka: 1933, 1984, 1997, 2004. Haya ni mambo ya darasani, na darasa ni letu.

Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa hutolewa kwa wanavijiji wanaozizunguka. Ilianza kwa asilimia 5, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa asilimia 10. Imejenga madarasa, zahanati na visima. Mkulima wa Kitabi aliyekatazwa kuingia msituni anapaswa kuona kwamba mgeni anayepita mbele ya mlango wake amemletea kitu. Asipokiona, mpaka wa chai peke yake hautatosha.

Turudi kwenye insha ya mwanafunzi wetu. Kosa lake tulilisahihisha, na tungelisahihisha tena leo. Lakini safari hii hatukuishia kwenye wino mwekundu. Tulilichukua neno lile darasani, tukaandika ubaoni ishyamba upande mmoja na shamba upande wa pili, tukawauliza wanafunzi wataje, kwa kilima cha kwao, mwaka au kizazi ambapo neno la kwanza lilikuwa la pili. Wengi iliwabidi kwenda nyumbani kuwauliza babu na bibi. Somo lililotokea lilichukua vipindi vitatu.

Tunawaomba walimu wenzetu, wa Rwanda na wa nchi jirani, walijaribu zoezi hili katika lugha za kwao, na matokeo wayalete katika kurasa hizi. Tunapenda sana kujua neno la msitu na neno la shamba kwa Kirundi, Kihaya, Kinande, Kimashi na Kikiga, pamoja na majina ya milima ambayo bado inaitwa msitu ingawa mti haupo tena.